Piga Hodi Kabla ya Kutua: Ushauri kwa Marubani wa Ndege Ndogo Thika na Ruiru

Tarehe 18 Desemba 2013, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilitoka Addis Ababa kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ikaishia kutua Arusha. Njia ya kurukia ndege ya Kilimanjaro ina zaidi ya mita 3,500. Ile ya Arusha wakati huo ilikuwa na mita 1,600 na ushei. Ndege ile kubwa ilifika ukingoni mwa lami na magurudumu yake yakakwama kwenye majani. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Aprili 2021, ndege ya mizigo ya shirika hilohilo ilitua kimakosa kwenye uwanja mpya wa Copperbelt huko Ndola, Zambia, mafundi wakiwa bado wanaujenga.

Hao walikuwa marubani wa kulipwa, zaidi ya mmoja katika chumba cha uongozaji, wenye vyombo vya kisasa na kampuni nzima nyuma yao. Sasa mfikirie mwenye leseni ya kibinafsi anayeondoka Wilson Jumamosi asubuhi na Cessna ya injini moja, akielekea upande wa Thika kwa sababu rafiki yake amemwambia shambani kwao kuna kiwanja. Hajui mwenye ardhi ni nani. Hajui kama mvua ya juzi imekauka. Hajui kama kuna mtu amechimba mtaro katikati. Anachojua ni kwamba kwenye simu yake kunaonekana mstari mrefu wa udongo kati ya mashamba.

Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote wanaomzunguka: mwenye shamba, mwalimu mkuu mwenye uwanja mpana wa michezo, mfanyabiashara anayekodi ndege, na mwanafunzi wa urubani anayejifunza tabia za wakubwa wake. Nina jambo moja kuu la kusema. Faida kubwa ya kuomba ruhusa ya kutua ni taarifa zinazokuja nayo. Anayeruka bila kuomba hukosa taarifa hizo zote kwa pamoja, na faini ya serikali ndiyo hasara yake ndogo kuliko zote.

Ruhusa ni zaidi ya moja

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba ruhusa ni kitu kimoja. Rubani husema, "Mnara wa Wilson uliniruhusu." Ni kweli, ulimruhusu aruke kutoka Wilson na apite katika anga unayoisimamia. Haukumpa ardhi ya mtu. Mwongozaji ndege hana mamlaka ya kukukaribisha kwenye shamba la kahawa la Ruiru au ndani ya uzio wa jeshi mjini Thika, na wala hajui hali ya kiwanja hicho.

Ruhusa ya kwanza basi ni ya anga. Hii unaipata kwa waongozaji wa ndege walio chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ambayo wengi tunaiita KCAA, kwa kuwasilisha mpango wa safari na kuzungumza nao redioni. Ya pili ni ya ardhi. Hii inatoka kwa mwenye kiwanja: Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ikiwa ni cha umma, kampuni au familia ikiwa ni cha binafsi, Jeshi la Ulinzi ikiwa ni cha jeshi. Ya tatu ni hadhi ya kiwanja chenyewe: je, KCAA inakitambua, kwa ndege za ukubwa gani, na kwa masharti gani? Kiwanja kinaweza kuwa na mwenyewe mkarimu na bado kisiwe mahali panapofaa kutua kisheria.

Kwa anayetoka nje ya nchi kuna ya nne. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inadai ndege inayoingia nchini itue kwanza kwenye uwanja wenye maofisa wa forodha. Ukitoka Arusha au Entebbe, safari yako ipitie kwanza uwanja kama Wilson au Jomo Kenyatta, mizigo na pasipoti zikaguliwe, ndipo ufikirie habari za Thika. Kutua moja kwa moja shambani, hata kama umebeba kikapu cha maembe tu, kunakufanya ushukiwe kwa magendo.

Hakuna ruhusa kati ya hizi inayochukua nafasi ya nyingine. Ziandike kwenye karatasi moja, na kila moja uandike mbele yake jina la aliyekupa, tarehe na saa. Penye nafasi tupu, hapo safari haijaiva.

Anga ya Thika na Ruiru ilivyo

Kwa gari, Thika ni kilomita 40 na kitu kutoka katikati ya Nairobi, na Ruiru ni kama nusu ya hapo. Kwa ndege ndogo ni dakika chache tu, na ufupi huo ndio unaowadanganya wengi. Wanadhani safari fupi ina matayarisho mafupi.

Tazama kilicho katikati. Ukitoka Wilson kwenda kaskazini-mashariki, upande mmoja una Uwanja wa Jomo Kenyatta na ndege zake kubwa, na mbele yako una Kambi ya Jeshi la Wanahewa ya Moi, Eastleigh, uwanja ambao ulikuwa lango la Nairobi kabla ya ule wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958. Ukisonga mbele, kandokando ya Barabara ya Thika unakuta kambi ya Kahawa, gereza la Kamiti, na ukifika Thika kwenyewe kuna kambi ya wahandisi wa jeshi. Chati ya anga inaonyesha maeneo yaliyokatazwa na yenye masharti, pamoja na njia na vituo vya kuripoti kwa wanaoruka kwa kutegemea macho. Nunua chati ya sasa na uisome ukiwa mezani, penseli mkononi. Simu haitoshi.

Anga hii ina msongamano wa kweli. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo, zote zikiwa zimetoka Wilson, ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa katika Cessna walikufa. Ndege ya abiria ilifanikiwa kurudi. Anayekatiza anga hii bila mtu kujua alipo anaweka maisha ya watu asiowaona hatarini.

Chini nako kumebadilika. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 katika mji wa Ruiru. Sensa ya 2019 ilipata 490,120. Katika miaka kumi mji umeongezeka zaidi ya maradufu, na mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa ya ghorofa, viwanda na miradi mikubwa kama Tatu City. Thika nayo ilikuwa na watu 251,407 mwaka 2019. Kwa hiyo kiwanja ulichokiona kwenye ramani ya zamani, au ulichosimuliwa na mzee aliyeruka miaka ya themanini, huenda leo kimepimwa ploti, kimejengwa ukuta, au kimekuwa njia ya bodaboda. Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya matibabu iliyotoka Wilson kwenda Hargeisa ilianguka Mwihoko, viungani mwa Ruiru. Walikufa wote wanne waliokuwa ndani, na wawili waliokuwa chini. Ndege hiyo haikuwa imekosa ruhusa, na siitaji hapa kumlaumu yeyote. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba Ruiru ya leo haina tena mahali patupu ambapo rubani anaweza kukosea bila kumgusa mtu.

Kiwanja cha jeshi si mahali pa kujaribu bahati

Njia ndefu iliyonyooka, bila ng'ombe na bila watoto, inavutia sana ikionekana kutoka juu. Katika eneo hili njia kama hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya jeshi.

Kambi za jeshi zinalindwa na Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, na kuingia bila kibali ni kosa, iwe umeingia kwa miguu, kwa gari au kwa bawa. Askari aliye zamu hana njia ya kujua kwamba wewe ni daktari wa meno unayependa kuruka Jumamosi. Anachokiona ni chombo kisichojulikana kikishuka ndani ya uzio wake. Kumbuka pia kwamba nchi hii ilishuhudia jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililoanzishwa na askari wa jeshi la wanahewa, na viongozi wake wakakimbilia Tanzania kwa ndege ya kijeshi. Tangu hapo ndege isiyoalikwa si jambo ambalo kambi yoyote hulichukulia kuwa dogo.

Wapo vijana wanaovutiwa na kisa cha Mathias Rust, Mjerumani wa miaka 18 aliyeruka na Cessna 172 kutoka Helsinki mnamo Mei 28, 1987 akatua Moscow, karibu na Uwanja Mwekundu. Wanasahau sehemu ya pili ya kisa hicho: alihukumiwa miaka minne, akakaa kifungoni zaidi ya mwaka mmoja. Na wanasahau kwamba alikuwa na bahati ya kufika akiwa hai.

Ukihitaji kweli kutua kwenye kiwanja cha jeshi, omba kwa maandishi kupitia njia rasmi, mapema, ukieleza nambari ya usajili wa ndege, majina ya wote watakaokuwemo, sababu, siku na saa. KCAA wanaweza kukuelekeza pa kupeleka ombi. Usiondoke mpaka jibu liwe mkononi mwako. Kimya si kibali, na simu ya rafiki yako aliye ofisa si kibali pia.

Maswali ya kumwuliza mwenye kiwanja

Tuseme ni kiwanja cha binafsi, na mwenyewe amepokea simu yako. Usitosheke na "karibu tu." Mwulize haya, na uandike majibu.

Njia ina urefu gani, na imepimwa lini? Mtu wa shamba hukadiria kwa hatua, tena hatua za ujana wake. Ina mwinuko? Inaelekea wapi? Upepo wa kawaida asubuhi na mchana unatoka upande gani?

Udongo ni wa aina gani? Upande wa magharibi wa Ruiru na Gatundu udongo ni mwekundu, na ukilowa unateleza. Ukielekea Juja na tambarare za mashariki mwa Thika unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka ni mgumu kama saruji na ukinyeshewa unameza gurudumu. Katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, swali lako liwe: mvua ya mwisho ilinyesha lini, na je, leo asubuhi kuna aliyepita hapo na gari? Aendeshe pikapu kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia. Tairi likizama, safari imekwisha kabla haijaanza.

Kuna nyaya? Eneo hili linapitiwa na nyaya za umeme wa msongo mkubwa kutoka mabwawa ya Mto Tana kuelekea Nairobi, na nyaya ndogo za mitaani zinaongezwa kila mwezi kadiri nyumba zinavyoongezeka. Kutoka angani waya hauonekani. Unachokiona ni nguzo, na nguzo ikiwa nyuma ya mikaratusi huioni kabisa. Mwulize mwenyeji akutajie kila nguzo na kila mti mrefu katika ncha zote mbili.

Nani hupita hapo? Wachungaji, watoto wanaokwenda shule, bodaboda, mbwa. Nani atasimama kuwazuia siku hiyo, na nambari yake ya simu ni ipi? Je, kuna ndege nyingine inayotarajiwa? Na je, karibu kuna jaa la taka? Thika ina jaa kubwa la Kang'oki, na penye taka pana korongo na mwewe, ambao mmoja tu anatosha kuvunja kioo cha mbele.

Halafu fanya hesabu ambayo mwenye shamba hawezi kukufanyia. Thika iko karibu futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, joto la kawaida linalotumiwa katika hesabu za urubani ni nyuzi 5 za Selsiasi. Mchana wa Februari joto likiwa nyuzi 27, tofauti ni nyuzi 22. Kwa kila nyuzi moja ongeza kama futi 120, upate zaidi ya futi 2,600. Maana yake ndege yako itaruka kana kwamba iko kwenye futi 7,600. Injini inapumua hewa nyepesi, mabawa yanashika hewa nyepesi, na njia unayohitaji kuruka inarefuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na Mombasa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ndege nyingi ndogo, Cessna 172 ikiwemo, huhitaji nafasi fupi kutua kuliko kuruka. Unaweza kushuka vizuri asubuhi yenye baridi, ukapigiwa makofi na wenyeji, kisha ukashindwa kuondoka saa nane mchana ukiwa na abiria watatu na jua kali. Kabla ya kutua mahali popote, hesabu kwanza jinsi utakavyoondoka, kwa joto la saa utakayoondoka.

Karatasi na saa

Soma kitabu rasmi cha taarifa za anga cha Kenya, ambamo viwanja vinavyotambuliwa vimeorodheshwa pamoja na masharti yake. Penye maneno yanayosema ruhusa ya awali inahitajika, hayo ni amri. Kisha soma Notamu, matangazo ya muda yanayoeleza kiwanja kilichofungwa, mazoezi ya jeshi, au anga iliyozuiwa kwa ziara ya kiongozi.

Kuwa makini na saa. Matangazo hayo hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Ukikuta 0600, hiyo ni saa tatu asubuhi ya Nairobi. Anayeisoma kama saa kumi na mbili alfajiri anaweza kufika juu ya mazoezi ya kijeshi akidhani yameshamalizika.

Wasilisha mpango wa safari hata kama ni safari ya dakika kumi na tano, na uandike kiwanja halisi unachokwenda. Wapo wanaoandika jina la uwanja mwingine ili wasiulizwe maswali. Huo ni uongo unaoweza kukuua: ukipata ajali, waokoaji watakutafuta mahali ambapo hukwenda. Ukifika, piga simu kufunga mpango wako. Dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa kufika bila habari zako, waongozaji wanaanza kukuulizia, na kutoka hapo utafutaji unaweza kuwaondoa watu na vifaa mahali ambapo mwingine anavihitaji kweli.

Soma pia mkataba wako wa bima. Tafuta maneno yanayohusu viwanja visivyotambuliwa na kutua bila idhini ya mwenye ardhi. Ukiona hayaeleweki, mwandikie wakala wako akujibu kwa maandishi kabla ya safari. Ukivunja mguu wa mbele wa ndege shambani ndipo usome, umechelewa.

Mwisho, weka mafuta ya kwenda, ya kurudi ulikotoka, na ya akiba ya angalau dakika 30. Rubani mwenye mafuta ya kurudi ana uhuru wa kukataa kutua. Asiye nayo amejifungia mlango mwenyewe.

Ukifika juu ya kiwanja

Zunguka kwanza, juu ya kimo cha mzunguko wa kutua. Linganisha unachokiona na ulichoambiwa: mwelekeo wa njia kwa dira, urefu, paa la nyumba, mto, barabara. Kisha umtafute mtu wako. Kama mlikubaliana atasimama na pikapu mwisho wa njia na hayupo, mpigie redio au rudi.

Msalaba mweupe uliochorwa juu ya njia unamaanisha imefungwa. Ukiwa karibu na uwanja wenye mnara na redio yako imekufa, weka nambari 7600 kwenye transponda na uangalie taa. Kijani isiyokatika inakuruhusu kutua. Nyekundu isiyokatika inakuambia mpishe mwenzako na uendelee kuzunguka. Nyekundu inayomwekamweka inakuambia uwanja si salama, usitue. Jifunze ishara hizi ukiwa chini, kwa sababu juu hutakuwa na muda wa kufungua kitabu.

Usishuke chini sana "kuangalia tu." Kanuni ya kawaida ni futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi unapopita juu ya mji, na futi 500 kutoka ardhini kwingineko, isipokuwa unapotua au kuruka. Ruiru karibu yote sasa ni mji. Na jihadhari na mawingu ya Juni hadi Agosti, yanayolala chini asubuhi kwenye nyanda za Kiambu, na mlima wa Kilimambogo mashariki mwa Thika, wenye zaidi ya mita 2,100, ambao huvaa wingu bila kutoa taarifa. Jua nalo huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza la hapa halichelewi. Kiwanja cha shamba hakina taa.

Shaka yoyote ikikuingia, ongeza nguvu, panda, urudi Wilson. Hakuna mwenyeji wa maana atakayekulaumu.

Dharura ina sheria yake

Yote niliyosema yana mpaka mmoja, na ni muhimu kila rubani aujue kwa moyo. Injini ikizima, moshi ukijaa, abiria akizirai, rubani ana haki na wajibu wa kuacha kanuni kwa kiasi kinachohitajika kuokoa maisha. Hapo huombi ruhusa kwa mtu yeyote. Ita "Mayday" mara tatu kwenye masafa unayotumia au 121.5, weka 7700, taja ulipo, idadi ya watu, na unachokusudia. Tatizo likiwa kubwa lakini bado si la kufa na kupona, ita "Pan-pan" mara tatu, na mapema. Wengi huona aibu kuita, wanangoja mpaka kimo kimekwisha.

Chagua mahali palipo wazi na palipo na watu wachache. Mashamba ya mananasi kuzunguka Thika yataharibu ndege yako, lakini ni afadhali mara mia kuliko Barabara ya Thika yenye matatu na malori, au uwanja wa shule wakati wa mapumziko. Kama njia pekee salama ni ya jeshi, tua, huku ukiwaambia waongozaji ili wawajulishe walioko chini.

Usigeuze dharura kuwa kisingizio. Rubani anayesingizia injini ili akanywe chai kwa rafiki atahojiwa na Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, injini itakaguliwa, na uongo utajulikana. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba unawafanya watu wasimwamini atakayeita kwa shida ya kweli.

Ukiwa umeshatua usipoalikwa

Zima injini. Zima swichi. Wazuie watu wasikaribie panga la mbele. Kama ni eneo la jeshi au gereza, baki ndani au simama kando ya ndege, mikono ionekane, fuata maagizo, na usipige picha. Usijaribu kuruka tena kukimbia. Hilo linageuza kosa la kueleweka kuwa jambo la kutisha.

Piga simu kwa waongozaji wa ndege uwaambie uko wapi na kwamba uko salama. Mwarifu mwenye ardhi na kituo cha polisi kilicho karibu. Toa leseni, cheti cha afya, hati za ndege na bima. Sema ukweli kwa maneno machache, na una haki ya kumpigia wakili. Usimpe mtu yeyote pesa ili mambo yaishe. Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013 na kanuni zake zinaipa KCAA uwezo wa kusimamisha leseni, lakini aliyejieleza mwenyewe mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kusikilizwa kuliko aliyetafutwa.

Kabla ya kuondoka, fundi mwenye leseni akague ndege, njia ipimwe upya, na ruhusa zote zipatikane kwa maandishi. Abiria na mizigo warudi kwa barabara. Matatu za Thika zipo usiku na mchana.

Kwa mwenye shamba, mwalimu mkuu na aliyekodi ndege

Mwenye shamba, ukimkaribisha rubani umebeba sehemu ya mzigo. Mwambie ukweli kuhusu kiwanja chako, hata kama unatamani sana aje. Kama kimelimwa au kimekatwa na mtaro, chora msalaba mweupe unaoonekana kutoka juu, na uwaarifu KCAA ili kisibaki kwenye orodha kama kizima.

Mwalimu mkuu, uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja na helikopta zake. Uwanja wa shule ni wa wanafunzi. Ukiombwa, dai ombi la maandishi, ujue kampuni, rubani na saa, na uhakikishe kuna askari wa kuzuia umati. Panga la mkia la helikopta likizunguka halionekani, na mtoto aliyejawa na furaha hukimbilia popote. Ukipigiwa simu kwamba mheshimiwa yuko angani na anatua baada ya dakika tano, una haki ya kusema hapana.

Na wewe uliyekodi ndege kwenda kuona ploti yako Ruiru: ukimwona rubani anasita, mwache asite. Usimwambie umelipa. Usimwambie mwenzake wa wiki jana alitua. Mwulize swali moja tu kabla ya kufunga mkanda, "Nani ametupa ruhusa ya kutua huko?" Kama hawezi kutaja jina, shuka na upande gari. Utafika Ruiru kabla ya saa sita.